Ukurasa wa Sitini na Moja

4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na mkaza mjomba, na kwamba mgongo wake umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mama sasa anatembea bila fimbo, ingawa akiona mtu anamtazama huchechemea kidogo apate kuhurumiwa. Wewe ni kaka yake, unamjua. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na kila akisema neno anapiga mluzi. Tumehamia chumba kilicho juu ya duka la magodoro, na mchana kutwa nasikia wateja wakijibwaga hapo chini kujaribu bidhaa. Profesa naye hajambo hapo karakana kwako? Mwambie dada yake anamsalimu, na anamuuliza kama mtoto pekee wa mjomba wangu amesahau hata kuandika ujumbe.

Nimekupigia simu mara tisa tangu mwaka uanze. Ya kumi nikasema hapana, nitaandika, kwa kuwa wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba la mdomo hupeperuka.

Kamati ya uchunguzi imeniita. Ni ile ajali ya kituo cha pampu, ya fundi bomba aliyepondwa mkono. Wanasema programu inayoendesha pampu haikuwa na kinga ya ishara, na kwamba kinga hiyo iliondolewa mwezi wa kumi kwa badiliko lililoandikwa kwenye daftari la karakana yako, nilipokuwa bado nimeajiriwa kwako, ukurasa wa sitini na moja, wenye sahihi yangu. Kikao ni tarehe 30 Aprili. Bosi wangu hapa kiwandani, tunapotengeneza mizani, ni mama muungwana lakini hana mzaha: amesema hatanithibitisha kazini mpaka kamati iseme. Na kamati ikisema ni mimi, sitaruhusiwa kutia sahihi kazi yoyote inayogusa usalama wa watu. Mjomba, mimi sijui kazi nyingine.

Najua unaijua kinga ile kama kiganja chako, lakini naieleza hapa polepole ili ukiwaandikia wanakamati uwe na maneno yaliyo tayari. Programu yetu hulala ndani ya poll, ile amri ya kusubiri, mpaka sensa zinazopima maji ya tangi ziseme neno. Fundi akibonyeza kitufe cha kuzima, programu hutumiwa ishara. Ishara haibishi hodi. Humkatiza mtu kazini. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba ikifika isifanye mengi, iinue bendera tu iondoke, na programu iitazame bendera kila mara kabla ya kulala. Vizuri. Lakini kuna upenyo. Programu imetazama bendera, imeona iko chini, inainua mguu ipande kitandani, na ndipo ishara inafika. Bendera inapanda nyuma ya mgongo wake. Programu inalala fofofo, habari haina. Itaamka sensa zikisema neno, nayo italishughulikia kwanza neno la sensa, kisha ndipo irudi kutazama bendera.

Dawa yake niliitia mimi. Ishara inazuiliwa mlangoni muda wote programu ikiwa macho, na badala ya poll tunaita ppoll, ambayo hufungua mlango na kulala kwa tendo moja, pasibaki upenyo katikati. Kama kuna ishara ilikuwa inangoja nje, inaiamsha papo hapo. Uliiona ikifanya kazi kwa macho yako. Naomba uandike hayo tu: kwamba niliitia, na kwamba sikuiondoa.

Mtoto anamsalimu babu yake, kwa mluzi.

Mpwa wako

27 Februari

Mama Maswali,

Marahaba, na marahaba ya pili ya akiba. Barua yako imefika imelowa pembe moja lakini inasomeka. Huku ni wazima. Mkaza mjomba wako mgongo umepoa, ulimi bado. Paka amezaa ndani ya sanduku la nyaya, na sasa hakuna mtu karakana nzima anayethubutu kuchukua waya mwekundu. Wote wanakusalimu: mchomeleaji, bibi wa stoo, hata mlinzi wa getini aliyekudai kitambulisho kila asubuhi kwa miaka sita kana kwamba ndiyo kwanza anakuona. Anasema siku hizi hana wa kumdai, wengine wanampita tu.

Simu yangu ina matatizo ya masikio, sawa na mwenyewe. Usidhani nakukimbia.

Kuhusu lile jambo. Nimelisoma mara mbili, mwanangu. Maelezo yako ni safi, ungekuwa mwalimu. Lakini mimi ni mkuu wa karakana, na utaratibu wetu unaujua: badiliko bila sahihi mbili haliingii. Ukurasa ule una sahihi mbili. Nikisimama leo kuwaambia wanakamati kwamba sahihi zetu si kitu, kesho wataniuliza kurasa nyingine sitini nazo ni kitu gani. Tena kipindi kile ulikuwa na mama hospitali, kichwa kimejaa. Mtu husahau. Mimi juzi nimetafuta miwani nusu saa nikiwa nimeivaa.

Tuliache jambo lipoe. Wanakamati nao ni watu, huchoka. Mwenda pole hajikwai.

Nakutumia ndani ya bahasha picha ya paka na wanawe, umwonyeshe mjukuu wangu.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, mtoto hajambo, magodoro hayajambo. Picha ya paka tumeibandika ukutani. Profesa hukumtaja, ingawa nilimuulizia. Umenitajia mpaka paka.

Umeniambia mtu husahau. Haya, ngoja nikumbuke mbele yako.

Ilikuwa Jumatano. Upenyo ule ni mdogo mno kuunasa kwa bahati, kwa hiyo niliupanua: kati ya kutazama bendera na kulala nikaiamuru programu isimame sekunde tano. Ndani ya sekunde hizo nikabonyeza kitufe. Ikapanda kitandani ikalala, nasi tukakaa tukiitazama, chai yako ikapoa mkononi. Ulisema, "Huyu amekufa macho wazi." Kisha nikatia kinga, nikabonyeza palepale. Sekunde tano zilipoisha tu, ikaamka na kuzima pampu. Ulipiga makofi mpaka bibi wa stoo akaja kuuliza nani kaolewa. Hayo nayo nimeyaota?

Na kuna la pili, ambalo nilidhani utalisema wewe uliye mkubwa. Wiki niliyoondoka kwenda kumuuguza mama uliniita mezani ukafungua daftari. "Tia sahihi kurasa kumi na mbili zilizo wazi, kazi isisimame. Na mimi natia zangu." Nikauliza, kama kawaida yangu. Ukasema, "Mimi na wewe damu moja, bado unaniuliza?" Nikatia. Kuanzia hamsini na tano mpaka sitini na sita, yangu chini kushoto, yako chini kulia. Karakana zote za mji zilituonea wivu kwa utaratibu wa sahihi mbili, na sisi wenyewe ndio tulioufanya maigizo. Hilo ni kosa langu na nitalisema. Lakini sikuandika neno juu ya sahihi ile, na ukurasa wenyewe sijauona mpaka leo. Kamati inasema daftari litafunguliwa siku ya kikao tu.

Jumamosi nilikwenda kumwona yule fundi bomba. Anaishi kwa binti yake, saa mbili kutoka hapa. Anajifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto, na alikataa nisimsaidie, akatuweka wote tukingoja mpaka kifungo cha tatu. Aliniambia alibonyeza kitufe kwanza, pampu ikiwa imetulia. Kisha akang'oa waya wa sensa ili ausafishe, akaanza kukaza nati. Mwenzake akarudisha waya. Unaona, Mjomba? Sensa ikasema tangi ni tupu, programu ikaamka, ikawasha pampu, halafu ndipo ikaiona bendera ikazima. Ilizunguka robo tu. Kumbukumbu zinaonyesha kuwasha, kisha kuzima, kwa hiyo wote wanasema mzee alibonyeza akiwa ameshaumia, na kwamba uzembe ni wake. Hata binti yake anamtetea huku anaangalia pembeni. Mzee akanishika kwa mkono uliobaki akaniuliza, "Mwanangu, mimi nilibonyeza. Ile mashine ilinisikia?"

Nilikuja kwake kutafuta ushahidi wa kujiokoa, nikaona haya.

Sasa nakuuliza wewe, na usinijibu kwa paka. Nani aliiondoa kinga?

Mpwa wako

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako nimepata salamu zake. Huku ni wazima kiasi. Barua hii nimeianza mara nne, na tatu nimezichana.

Ni mimi.

Ile kompyuta ya kituoni ni ya zamani, haikuwa na ppoll. Tulipoipelekea programu ilikataa kabisa kuijenga, na makabidhiano yalibaki siku mbili. Ningeweza kutumia ile njia nyingine uliyonionyesha, ya kuchimba mfereji mdogo ndani ya programu: ishara ikifika itupe herufi moja mferejini, na poll iwe inautazama mfereji pamoja na sensa, hivyo hata ishara ikiingia kwenye upenyo ile herufi itakuwa inangoja. Ilikuwa kazi ya nusu siku. Sikuifanya. Nilisema upenyo wenyewe ni mwembamba kuliko ukope, nani atabonyeza humo? Nikarudisha poll ya kawaida, nikaandika kwenye ukurasa ambao tayari ulikuwa na sahihi zetu. Ajali ilipotokea nikanyamaza siku ya kwanza. Siku ya pili kunyamaza kukawa rahisi zaidi.

Sasa nisikilize. Mimi nina miaka sitini na mbili. Wakijua ni mkuu wa karakana mwenyewe, karakana itafungwa na watu kumi na saba watakwenda nyumbani. Wewe ungali kijana. Wakikukuta na kosa la kusaini bila kusoma watakusimamisha kidogo, nawe utarudi. Sikuombi useme uongo. Sema sahihi ni yako, kwa sababu ni yako. Wakiuliza nani aliandika, nyamaza.

Nilikulea tangu una miaka saba, siku baba yako alipochukua begi lake. Sijawahi kukukumbusha, na leo naona aibu kukukumbusha. Lakini ndio nimekukumbusha.

Barua hii ichome.

Mjomba wako

18 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, ila anauliza kwa nini nasoma barua zako nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Nimemwambia chumbani kuna joto.

Ungeniambia mwezi wa pili ningelia mara moja tu. Umeniacha nikupigie simu kama mdai, umenitania, umeniambia nimesahau, nikafika mahali nikaanza kujiuliza kama kweli nilirudi siku moja kutoka hospitali nikaiondoa kinga mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ulinifundisha kuandika programu kabla sijaweza kufikia meza, ulikuwa unanikalisha juu ya kreti. Kisha ukanifanya nisiamini kichwa changu.

Hata hivyo nitanyamaza. Si kwa sababu umeniomba vizuri; hukuniomba vizuri. Ni kwa sababu mwaka ule wa begi ulikuja shuleni na viatu vyangu vipya mkononi, mbele ya darasa zima, ukapiga magoti ukanivisha. Mtu aliyepiga magoti kwa ajili yangu siwezi kumsimamisha mbele ya kamati. Nitasema sahihi ni yangu na wakiuliza zaidi nitatazama meza.

Sharti langu ni moja. Nitakwenda na kompyuta na kitufe, nitawaonyesha upenyo kwa zile sekunde tano, ili waandike kwamba yule mzee alibonyeza kwa wakati. Yeye hatabeba chochote. Ukinizuia hapo, nasema yote.

Msamaha sijautoa, usiutafute humu. Profesa hajajibu ujumbe wangu hata mmoja. Kama anaona haya kwa niaba yako mwambie asione, mimi na yeye hatuna ugomvi.

Barua yako sijaichoma. Huku juu ya duka la magodoro, kuwasha kiberiti ni kutafuta kesi nyingine.

Mpwa wako

6 Mei

Mjomba,

Shikamoo nimeiandika kwa sababu mama amekaa hapa ananitazama. Yeye hajambo. Mtoto jino moja limeanza kuchungulia.

Ulikuwepo kikaoni, lakini tulikaa mbali na uliondoka kabla sijatoka, kwa hiyo nakueleza nilivyoyaona kutoka upande wangu.

Niliitwa wa kwanza. Niliulizwa kama nilitia sahihi bila kusoma, nikasema ndiyo. Nikaulizwa nani aliandika maneno ya juu, nikatazama meza kama nilivyokuahidi. Mwenyekiti akarudia swali, nikairudia meza. Akaandika kwa muda mrefu. Kisha wakaniruhusu kufunga mitambo. Nilibonyeza ndani ya upenyo, programu ikalala. Nikarudisha waya wa sensa, feni ndogo niliyoiweka badala ya pampu ikazunguka robo, ikasimama. Kwenye skrini ikaandikwa kuwasha, kisha kuzima, vilevile kama kumbukumbu za siku ya ajali. Wakaandika kwamba fundi alibonyeza kwa wakati wake. Binti yake alimkumbatia akilia, na mzee akanigeukia. Nikamwambia, "Ilikusikia, mzee wangu. Ila ilikuwa imeshatazama." Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba na ya arusi kwa pamoja.

Baada ya hapo ndipo wakaleta daftari niitambue sahihi yangu.

Mjomba, mwandiko wako naujua. Unaandika kama unayechonga kuni. Maneno ya ukurasa ule yamelalia nyuma, herufi ndogondogo zimebanana, na kwenye sababu ya badiliko pameandikwa neno moja tu: kurahisisha. Hakuna kompyuta ya zamani. Hakuna ppoll iliyokataa. Huo mwandiko niliufundisha mimi kwa mkono wangu, nikiwa darasa la sita na Profesa darasa la kwanza, pale kwenye meza ya jikoni kwenu, kwa sababu mama yake alikuwa hana subira. Na tarehe ni kumi na nne Oktoba. Tarehe hiyo wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mama. Ulimmenyea chungwa, daktari akasema asile, ukalila wewe. Ulikaa kwetu siku tatu.

Niliinua macho nikakutafuta. Ulikuwa unatazama feni ya darini. Profesa alikuwa ubavuni mwako, na suti mpya, anatazama viatu vyake. Mwenyekiti akauliza, "Una la kuongeza?" Maneno nilikuwa nayo. Sikuyasema kwa sababu nilikuwa nakungoja wewe. Niliamini kabisa utasimama. Nilikungoja mpaka wakafunga mafaili na mhudumu akaanza kukusanya glasi.

Wamenipa miaka mitatu bila kutia sahihi kazi yoyote. Bosi wangu alinisikitikia kweli, kisha akanihamishia idara ya kufunga mizigo, napanga ndani ya maboksi mizani ambayo juzi nilikuwa naipima mimi. Na pale mlangoni, wakati natoka, bibi wa stoo alinikumbatia akidhani naijua habari: kwamba unastaafu mwezi wa sita na Profesa ndiye mkuu mpya wa karakana. Nilimwambia hongera zake.

Sikulaumu kwa kumpenda mwanao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nakulaumu kwa barua ya tarehe tisa, kwa sababu ulikaa ukahesabu. Ulijua nikisikia ni Profesa ningesema aje ajibu mwenyewe, ana mikono na miguu. Ulijua nikisikia ni wewe nitanyamaza. Ukavitoa vile viatu vya shule, ukavitumia. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwenu imekuwa tofauti, nimelia mimi.

Mama anasema nikate rufaa. Nimefikiria. Lakini shahidi wa tarehe kumi na nne ni yeye, na sitamsimamisha dada yako mbele ya watu akuite mwongo. Kwa hiyo sitakata. Usije kwetu kunishukuru.

Humu ndani nakurudishia ile barua yako. Na wewe usiichome. Mpe Profesa aisome, ajue ana baba wa namna gani, baba anayeweza kujitwika kosa lisilo lake ili mwanaye asiguswe. Na mimi nilidhani ninaye.

Mtoto wa dada yako